Unyayo wa Uledi

Wakati wa Mdachi, shule ya Rumonge ilikuwa banda la nyasi tu, na vijana wachache waliojua kusimama sawasawa zaidi kuliko walivyojua kusoma. Lakini mbio walikuwa nazo. Kila asubuhi baragumu likilia walikimbia ufukweni mwa ziwa, kutoka mlango wa mto hadi kwenye michikichi, na mshindi wa mwaka alichukuliwa Usumbura, kwenye boma la Mdachi, kuwa askari. Mwaka uliotangulia alichukuliwa Maneno. Mama yake hata salamu hakupata.

Zamu hii mwenye mbio alikuwa Uledi, mtoto wa pekee wa Bi Kulthumu, mkausha ndagala, wale dagaa wa ziwani. Jamani, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kulthumu akamwendea jirani yake Esha, aliyejua dawa.

"Chota mchanga wa unyayo wake," Esha akanong'ona. "Ufunge kitambaani, uufukie jikoni. Atakuwa mzito, atashindwa. Mbio zikiisha, urudishe palepale ulipoutoa."

Asubuhi, vijana walipokwisha kupita, Kulthumu akachota unyayo wa kushoto. Aliuchota kwenye mchanga wa majimaji, maana hapo ndipo alama ilipokaa vizuri. Akachomeka kijiti.

Siku ya mashindano Uledi alikuwa wa mwisho. Watu wakamcheka. Mama yake akalia kwa furaha, akafukua kitambaa, akashuka mbio ufukweni.

Maji ya ziwa yalikuwa yamepita hapo. Kijiti hakipo. Palepale ni wapi? Akamwaga hapa kidogo, akamwaga na pale.

Alimkuta Uledi amekaa kizingitini.

"Mama, muguu iko baridi."

"Upi, mwanangu?"

"Ya kushoto. Siisikii."

Akaukanda kwa mawese ya moto. Kesho yake ganzi ilikuwa gotini. Halafu kiunoni. Uledi hakulia, na mama yake naye machozi yalimkauka. Alimlisha, akamfuta mdomo, akatoka kugeuza ndagala juani. Ganzi ilipofika kifuani, akafa; wakamzika karibu, pale mama yake angeweza kuliona kaburi akiwa mlangoni. Hakuna aliyemchukua.

Tangu hapo, kila asubuhi saa ya baragumu, jivu la jikoni lilikuwa na unyayo mmoja. Wa kushoto. Umelowa, vidole vimeelekea ziwani. Kulthumu hakuufagia. Aliwasha moto pembeni.

Mdachi aliondoka, banda likaoza, Kulthumu naye akafa. Nyumba walirithi wajukuu wa Esha. Baragumu hakuna tena. Nao huwasha moto pembeni.