Dakika Kumi na Tano Webuye

Gari la Théophile liliiacha barabara ya I-95 bila kuwasha taa ya kukata kona.

Jeptoo akapunguza mwendo. Kati yao palikuwa na lori la soda na Honda Civic iliyobonyea ubavuni, naye akaviacha hapo hapo vimfiche. Anayemfuata mtu karibu mno ni sawa na anayesoma gazeti la jirani kwa juu ya bega. Hujulikana upesi.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni 2006, saa tatu na nusu asubuhi, Woodbridge, Virginia.

Simu yake aina ya Motorola Razr ikatetemeka.

"Unga umefika wapi?" sauti ikauliza kwa fumbo lao la kazi.

"Woodbridge. Anaingia kwenye stoo za kukodi. Yuko peke yake."

"Saa tisa, Jeptoo. Ikipita hapo, mambo si yetu tena."

Simu ikakatwa.

Huyo alikuwa Gitau. Majirani zake wa Silver Spring walimjua kama muuza bima mwenye tai pana. Jeptoo alimjua kama mkubwa wake katika Idara ya ujasusi, na Idara makao yake yalikuwa Nairobi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi Desemba uliotangulia, darubini arobaini za kuonea gizani, mali ya jeshi, ziliibwa kwenye ghala moja hapo Virginia. Waliozisubiri walikuwa kundi la wauaji katika misitu ya mashariki ya Kongo. Idara ilinasa sentensi moja tu ya simu: zitasafiri na kwaya.

Na kiangazi hicho kwaya iliyokuwa ikituma mizigo Afrika ilikuwa moja.

Mwamba wa Rehema, ya Hyattsville. Waimbaji kumi na wanane, Wakenya na Wakongomani. Safari ya siku ishirini na tatu kwa barabara, kupitia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Spika sita, kinanda na majoho vilitakiwa kutangulia kwa ndege. Gari la mizigo lingevichukua saa tisa alasiri.

Wamarekani walikuwa wameshaarifiwa. Wangeikamata shehena uwanja wa ndege wa Dulles pamoja na mtu aliyeitia sahihi. Hawakutaka hadithi ndefu.

Mtu wa kutia sahihi alikuwa Bilha.

Bilha alikuwa mwenyekiti wa kwaya na mtunza wazee. Januari alimpokea Jeptoo katika nyumba yake ya kupanga, akiamini ni msichana wa Kapsabet anayetafuta kazi. Alimpa chumba, koti la baridi na sufuria. Miaka kumi na mmoja hakuwa amemwona mama yake, aliyekuwa Nyahururu. Green card yake ilitoka Februari, na siku hiyo alilia jikoni mpaka chai ikamwagika. Sahihi moja tu ingempeleka gerezani, na mama angezikwa bila yeye.

Jeptoo alimpenda mwanamke yule, na jambo hilo lilimkera. Kamati ya safari ilikuwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa mhalifu. Bilha alikuwa kwenye orodha kama wenzake. Amri ilikuwa asionywe mtu, na kikulacho ki nguoni mwako.

Jeptoo akaegesha Corolla yake nyuma ya duka la matairi, akatoa darubini ndogo ya Canon.

Théophile alikuwa fundi wa vyombo. Makasha ya spika aliyaunda yeye kwa mikono yake. Sasa alikuwa akitoa maboksi stooni na kuyapanga ndani ya Toyota Sienna. Moja. Mbili. Sita. Kila boksi alilifunika kwa blanketi, kisha akatazama kushoto na kulia. Mlango akaufunga kwa kufuli mbili.

Kufuli mbili kwa nini?

Halafu akatandaza ramani juu ya boneti. Hata kutoka mbali Jeptoo aliona imejaa viduara vyekundu, na vingi viko upande wa Kongo. Akapiga simu, akaongea Kifaransa kwa sauti ya chini, akikanusha kwa kichwa.

Jeptoo alipiga picha tisa. Moyoni alishamfunga pingu.

*

Mkutano wa kwaya nzima ulikuwa Bowie, Maryland, nyumbani kwa Silvanus.

Silvanus ndiye aliyekuwa mkuu wa usafiri. Alikuwa na nyumba ya ghorofa moja, nyasi zilizokatwa sawasawa, Volvo gerejini na kazi katika ofisi moja ya serikali. Kazi yenyewe hakuwahi kuieleza vizuri. Alikuwa mcheshi, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Kila mtu alijua habari za mama yake wa Webuye, maana hazikumtoka mdomoni: mama anafuga kuku, mama amepaka nyumba rangi, mama anauliza nitakuja lini.

Walikaa ghorofa ya chini ya ardhi, kati ya meza ya pool na televisheni. Kulikuwa na chai na mandazi. Bilha alikaa karibu na mlango, goti lake baya limenyooshwa juu ya kiti, kalamu tayari mkononi. Jeptoo alikuja kama mwandishi wa kumbukumbu. Broshi, pambo lililobanwa kwenye blauzi yake, ilikuwa na kamera. Ndani ya mkoba, kati ya Biblia na mafuta ya mikono, alikuwa na kisu cha Leatherman chenye bisibisi.

Silvanus akawasha projekta, na ratiba ikajaa ukutani.

Jeptoo alikubali kimoyomoyo kwamba ilikuwa kazi safi. Basi moja la Coaster lenye viti ishirini na tisa badala ya Nissan tatu, ili watu wasipoteane. Madereva wawili, kila mmoja saa nne kisha apumzike. Mapumziko kila baada ya saa mbili kwa ajili ya goti la Bilha. Hakuna kusafiri gizani, ila siku ya kwanza tu.

"Siku ya kwanza tunatoka Nairobi saa kumi alfajiri," Silvanus alisema. "Jioni tuko Kampala. Siku ya pili, Kisoro. Hapo tuna-rest siku tatu, gari lifanyiwe service. Halafu Kigali, pole pole, Bujumbura, Tanzania, tunamaliza."

Théophile akanyoosha mkono. Alikuwa na ombi lile lile la kila wiki. Aliomba siku mbili Bukavu kwa dada zake, moja Uvira kwa baba mdogo, na nusu siku kwa mjane wa rafiki yake. Akaikunjua ramani yake. Kila kiduara chekundu kilikuwa na jina la mtu pembeni: shangazi, mjomba, mama wa ubatizo.

Silvanus akacheka. Alisema wakisimama kwa kila shangazi watafika Arusha Krismasi. Watu wakacheka naye.

Jeptoo hakucheka. Alikuwa akisoma mstari mdogo ukutani, chini ya siku ya kwanza.

*Webuye, saa tano asubuhi. Mafuta. Dakika 15.*

Akausoma tena. Mtu aliyekaa Amerika miaka tisa. Mama yu hai. Nyumba iko kilomita mbili kutoka barabarani. Na amejipangia dakika kumi na tano, kwenye pampu.

Tena Mluhya, apite kwao bila kuku kuchinjwa.

Aliyafahamu mahesabu ya watu wanaorudi nyumbani. Ni mahesabu mabovu siku zote. Wanazidisha siku, wanasahau mipaka, wanaahidi kulala nyumba tano kwa usiku mmoja. Ratiba ya Théophile ilikuwa mbovu hivyo, kwa hiyo ilikuwa ya kweli. Ya Silvanus ilikimbia siku mbili bila kupumua, ikapita mlango wa mama, kisha ikalala siku tatu Kisoro, mji mdogo wa mpakani na Kongo ambako kwaya haikualikwa na mtu yeyote.

Shehena ndiyo iliyokuwa na haraka. Watu walikuwa kifuniko tu.

"Ndugu Silvanus," Jeptoo aliuliza kwa upole, "nyumbani kwako tunalala siku gani? Niandike."

"Hapo tuna-pass tu. Mathe atakuja petrol station, tuna-hug, tunaenda. Time ni short."

Bilha akaacha kutafuna.

"Unapita mbele ya nyumba ya mama yako, hauingie?" Théophile alisema taratibu. "Mi sijasikia vile. Kwetu hata mwizi anasimama kusalimia."

Silvanus alitabasamu, lakini jicho lake liligota kwa Jeptoo, likakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Saa nane na dakika kumi. Théophile alitoka nje kupakua maboksi yake. Jeptoo akaomba aonyeshwe choo.

Hakwenda chooni. Alipanda ngazi, akapita jikoni, akaingia gerejini na kuufunga mlango nyuma yake. Akampigia Gitau, na bila kusema neno akaitia simu mfukoni ikiwa wazi.

Spika sita za kwaya zilisimama kando ya Volvo, zikingoja gari la mizigo. Akazitikisa moja moja. Ya tatu ilikuwa nzito.

Bisibisi. Skrubu nne. Ubao wa nyuma ukatoka.

Ndani, zimeviringishwa katika majoho ya zambarau ya kwaya, zilikuwamo darubini nyeusi zimepangwa vizuri. Alihesabu kumi kabla mlango haujafunguka.

"Toka hapo, mdogo wangu."

Silvanus alikuwa na bastola, Beretta ndogo, na aliishika kama mtu aliyezoea. Kicheko chake kilikuwa kimebaki chini na wageni.

Jeptoo akainua mikono, akarudi nyuma hatua mbili mpaka ukutani. Alikuwa na dakika moja tu, na alijua neno analolihitaji. Darubini peke yake zisingemwokoa Bilha. Sahihi ya Bilha tayari ilikuwa kwenye barua zote za kwaya.

"Kisoro wanakungoja siku gani?" akauliza.

"Siku ya pili, jioni. Watu wale huwa hawangojangoji."

"Na Bilha? Mko pamoja?"

Silvanus akakaribia kutabasamu. "Bilha hajui kitu. Ana roho safi. Ndio maana nikampa kalamu ashike yeye."

Hilo ndilo lililokuwa neno. Gitau alikuwa amelisikia, na mashine yake ya kurekodi pia.

Kiwiko cha Jeptoo kilikuwa tayari juu ya swichi. Akaibonyeza.

Mlango mkubwa wa gereji ukaanza kupanda kwa kelele. Mwanga wa mchana ukaangaza miguu, kisha magoti, kisha gereji nzima. Nje, jirani alikuwa akikata nyasi, na Théophile anakuja amekumbatia boksi.

Silvanus akaishusha bastola kuificha pajani. Ilimchukua sekunde moja.

Sekunde hiyo ilimtosha Jeptoo. Alinyakua stendi ya maikrofoni na kumchapa kifundo cha mkono. Beretta ikaruka, ikateleza chini ya Volvo. Silvanus akatimka kuelekea nje, akamgonga Théophile kifuani, na boksi likapasuka.

Viatu vya watoto vikamwagika kwenye saruji. Jozi nyingi, vyeusi vya shule, vipya.

Silvanus akakanyaga kimoja, akaenda chini kwa uso. Alipojaribu kuinuka, goti la Jeptoo lilikuwa mgongoni kwake na waya wa maikrofoni unazunguka mikono yake.

"Gitau," aliiambia simu. "Unga umeiva."

"Nimesikia yote. Dakika sita."

Zilikuwa nne. Magari mawili meusi yalipanda njia ya nyumba, na Wamarekani wanne wenye fulana za kuzuia risasi wakamwinua Silvanus. Jirani alizima mashine yake ya nyasi. Théophile alipiga magoti akaanza kukusanya viatu, akiviweka jozi jozi.

Jeptoo akachuchumaa amsaidie. Alikuwa amempiga picha tisa mtu huyu kwa sababu ya viatu vya watoto wa ndugu zake. Aliona haya, na hakumwambia.

*

Afisa wa Kimarekani aliusikiliza mkanda mara mbili, akamuuliza Bilha maswali mawili, akamrudishia kalamu yake. Hati ya shehena hakuwa ameisaini. Alikuwa huru. Théophile alikuwa ameshakabidhiwa ratiba na wenzake, na tayari ilikuwa na siku thelathini na moja.

Bilha alitoka nje akichechemea. Alimwona Jeptoo akimkabidhi afisa broshi yenye kamera, na akaelewa.

"Wewe ni nani kwani?"

"Mtu wa serikali ya nyumbani."

"Na mimi pia ulini-suspect?"

Jeptoo angeweza kudanganya. Ndiyo kazi yake, na aliifanya vizuri kuliko watu wengi.

"Ndiyo, Mama Bilha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka leo saa nane."

Bilha akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ya miezi mitano ya sahani mbili mezani. Hakupandisha sauti.

"Na mimi kila jioni nilikuwa nakuombea upate karatasi za kukaa hapa," alisema.

Jeptoo alikuwa na pasipoti nne, kila moja yenye jina tofauti. Iliuma. Iliuma kuliko alivyotarajia.

"Nenda ukamwone mama," alimwambia.

Akavaa miwani ya jua, akateremka mpaka alipoegesha Corolla. Simu ikatetemeka kabla hajafunga mlango. Gitau alitaka kujua kama anaweza kuwa Atlanta Jumatatu asubuhi. Alijibu kwamba anaweza. Akafunga mkanda, akaingia Route 50 kwa mwendo ulioandikwa kwenye kibao.