Mlango Ulioelekea Ziwani

Mnunuzi wa kwanza kuuliza habari za yule mama mwingine alikuwa mwalimu kutoka Gitambi. Rutayisire, komisioneri, yaani dalali wa nyumba, katika mtaa wa zamani wa Cyangugu, kule chini karibu na ziwa, alidhani ni mzaha. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu. Aliuliza, akatazama nyuma mara mbili, kisha akasema ana haraka ya kuvuka mpaka. Wote wawili hawakurudi.

Wa tatu alikuwa Josiane Nishimwe, muuguzi. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili na moja, mchana wa manyunyu. Josiane alizaliwa Kongo kama Rutayisire mwenyewe, akarudi Rwanda baada ya vita, na sasa alipanga chumba kimoja juu Kamembe na watoto wake wawili. Alitaka nyumba ambamo hakuna atakayemtoa.

"Nyumba za Kamembe banajenga mbio mbio, Maman," Rutayisire alimwambia. "Hizi za huku wazee balijenga na mawe. Ona baraza, ona dirisha. Na jirani anajua jina yako."

"Ni nzuri," Josiane alisema. Kisha akashusha sauti. "Lakini ule maman mwenye eko nyuma yetu, naye anatafuta nyumba?"

"Maman gani?"

"Ule wa kitenge ya bleu. Ameloa. Anatufuata tangu nyumba ya kwanza, na hasalimie."

Rutayisire aligeuka. Barazani hapakuwa na mtu. Lakini juu ya saruji kavu palikuwa na nyayo za miguu mitupu, mbichi kwa maji, vidole vikiwaelekea wao. Na hewani kulikuwa na harufu ya mkate unaotoka tanuruni, katika mtaa ambao haukuwa na mwokaji tangu vita.

Josiane hakukimbia. Alikuwa amevuka vita viwili na watoto mgongoni, na nyumba aliihitaji. "Tuone ya mwisho," alisema.

Sasa Rutayisire naye alisikia: miguu iliyolowa ikipiga chini nyuma yao, ikisimama waliposimama, ikitembea walipotembea, na alipofungua nyumba ya mwisho, Josiane alijibanza pembeni kama mtu anayempisha mwenzake, na tone la maji baridi likamwangukia Rutayisire kwenye kiganja, kisha ndani ya chumba kitupu yakaanza kusikika makofi ya viganja ukutani, taratibu, toka pembe hii hadi pembe ile, huku harufu ya mkate ikigeuka kuwa ya kuungua, chungu, ya kukaba koo.

"Anapapasa ukuta," Josiane alinong'ona. "Kuna kitu anatafuta."

Rutayisire alijua ni kitu gani. Alimshika mkono wakatoka.

Katika nyumba ya jirani alikaa mukecuru, yaani bibi mzee, Mukantwari, peke yake, akichambua maharage barazani. Josiane alimweleza alichokiona: pengo la meno ya mbele, kovu la moto mkononi. Mukantwari aliweka ungo chini.

"Ule ni Bernadette. Alikuwa anapika mikate mu ile nyumba. Mwaka wa tisini na nne balikimbia na mtumbwi, bantu kenda. Mtumbwi ulipinduka. Hata mumoja hakuonekana." Akamgeukia Rutayisire. "Mulango yake ilikuwa inaangalia ziwa. Nani aliifunga?"

"Ni miye, Mukecuru." Rutayisire alitazama chini. "Wakati wa vita ya tisini na nane, risasi zilikuwa zinatoka Bukavu. Hakuna muntu alitaka mulango ya kuangalia Kongo. Nikaweka matofali, nikapaka rangi."

Kesho yake mchana walimleta Ntabaza, katekista aliyejulikana kwa kuombea nyumba zilizoingiliwa na mizimu. Josiane alimwomba amfukuze yule mama, apate kuhamia na watoto. Ntabaza aliweka kiganja ukutani.

"Muntu hafukuzwe kwake kama hajaingia," alisema. "Mufungue kwanza."

Rutayisire alibomoa mwenyewe, kwa nyundo, jasho na vumbi vikimwingia machoni. Tofali la mwisho lilipoanguka, upepo wa ziwa uliingia. Ntabaza alinyunyiza maji ya baraka, akaanza kumwombea marehemu pumziko. Nyayo mbichi zikavuka kizingiti, zikapita katikati yao kuelekea uani kwenye tanuru, kisha ikasikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Harufu ya kuungua ikakatika.

"Amefika," Josiane alisema, na machozi yakamtoka.

Ndipo wakasikia kule chini, majini, miguu mingine.

Ilipanda kutoka ziwani, mingi, bila haraka, ikapita mbele ya mlango mpya bila kuingia, ikashika njia ya mtaa ikiachana huku na kule, na katika zile nyumba tupu ambazo funguo zake zote zilikuwa mfukoni mwa Rutayisire, makomeo yakaanza kusukumwa kutoka ndani, moja baada ya jingine.

Mukantwari, aliyekuja kushuhudia maombi, alikuwa amesimama kizingitini, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza.

"Ule ni Muhigirwa," alisema polepole. Komeo jingine likagonga. "Ule ni Papa Cyusa na muke yake."

Ntabaza aliacha kuomba. Rutayisire alitoa funguo mfukoni, akaziweka chini kana kwamba zimemchoma.

Komeo la mwisho liligonga karibu sana. Lilikuwa la nyumba ya Mukantwari.

"Na huyu?" Josiane aliuliza kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Muzee wangu, bwana yangu. Naye alikuwa mu ule mtumbwi."

Mukantwari alifunga kitenge chake vizuri kiunoni. Josiane alimshika mkono, lakini yeye aliutoa taratibu, bila hasira.

"Niache, mwanangu. Atakuwa na njaa."

Akatoka nje kwenye manyunyu, akapanda ngazi zake tatu. Kabla hajagusa kitasa, mlango ulifunguliwa.