Kidole cha Ferista

Mifuko sita ya mbolea ya ruzuku ilikutwa Tunduma, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba iliyopakana na Zambia. Stika zake zilipokaguliwa zikatoa jina moja: Ferista Simbeye, mkulima na mpika chumvi wa kijiji cha Ivuna. Kesho yake mama huyo alikuwa mahabusu, na mahindi yake ekari mbili yanageuka manjano shambani.

Mkaguzi wa polisi Gwantwa alimrudisha Ivuna amefungwa pingu. Watu waliacha chumvi ikichemka motoni, wakalizunguka gari la polisi.

"Wezi wamewashinda, mnakamata bibi!" mwanamke mmoja akafoka.

Gwantwa alipita katikati yao. Aliingia na Ferista dukani kwa Ambakisye, wakala wa pembejeo. Ndiye aliyeandikisha wakulima wote wa pale kwenye ruzuku, na ndiye aliyewagawia.

"Alichukua mbolea lini?"

"Jumatatu, afande. Aliweka dole gumba kwenye mashine ya alama za vidole, jina likatokea, nikampa mifuko yake sita."

"Ulimwona mwenyewe?"

"Kama ninavyokuona wewe. Ameshauza, sasa anajiliza."

"Mwongo!" Ferista alitema mate chini. "Kila nikija unasema mbolea haijafika. Na mgongo huu umekubeba, Ambakisye!"

"Ulinibeba. Hukunilisha."

Kinyongo kilichomo kwenye jibu hilo Gwantwa alikishika. Akamfungua Ferista pingu.

"Mama, weka dole gumba hapa."

Mashine ikalia, taa nyekundu. Ferista akafuta kidole kwenye kitenge, akarudia. Nyekundu tena. Wakajaribu vyote kumi, hakuna kilichosomeka.

Gwantwa aliuvuta ule mkono dirishani penye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama kijiko kilichosuguliwa miaka mingi. Huyu mama alikuwa amekwangua udongo wa chumvi tangu usichana wake. Hakuwa na alama hata moja.

"Jumatatu ilisomaje?"

"Labda leo ana jasho."

"Weka wewe."

"Mimi si mkulima, afande."

"Weka kidole!"

Ambakisye alificha mkono mfukoni. Gwantwa akaukamata, akauchomoa, akalibana dole gumba kwenye kioo. Taa ya kijani. Akasoma kwa sauti: "Ferista Simbeye. Mifuko sita. Imechukuliwa."

Watu waliokuwa nje wakajazana mlangoni. Gwantwa akabana kidole cha shahada.

"Gwalugano Siame. Mifuko minne. Imechukuliwa."

"Mimi huyo!" mwanamke akapiga yowe.

Cha kati kikatoa jina la mkulima mwingine, Nsajigwa.

"Basi!" Ambakisye alijinasua. "Nimeuza Zambia, imebaki hiyo sita tu. Nilikwangua chumvi hapa miaka tisa, alama zikafutika. Nilipohamia Tunduma alama zangu zikaota upya, nikajua zenu hazitasomeka. Siku ya kuandikisha nikaweka vidole vyangu badala ya vyenu, kila kidole jina moja."

"Kwa nini watu wa kwenu?"

"Kwetu?" Alicheka kwa chuki. "Baba yangu aliungua na maji ya chumvi akifanya kazi yao. Siku tatu analia. Rambirambi wakatuletea debe la chumvi. Debe moja! Kijiji kizima!"

"Debe hilo nilizunguka nalo mimi," Ferista akasema, akisugua mkono pale pingu ilipobana. "Mafuriko yalikuwa yamezoa chumvi yote. Kila nyumba ilikomba sufuria, wengine wakatoa kiganja kimoja tu. Hatukubakiza hata ya kutia kwenye mboga."

Ambakisye aliitazama mikono ya Ferista. Akanyoosha yake yote miwili, akafungwa pingu.