Mume Wangu Alichomoa Flashi

Jamani, niliamka nikamkuta mume wangu amesimama sebuleni, viatu miguuni, flashi yangu mkononi... na laptop imezima!

"Baba Pacha, umefanya nini?!"

"Nimechomoa flashi. Kwani vipi?"

Nikakaa pale pale, juu ya nguo chafu za watoto.

Ngoja niwaeleweshe. Diski ya laptop yangu ilikufa. Fundi akaniwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi, mashine ikawa inawakia humo humo. Akanionya: "Dada, ukizima au ukichomoa, ulichoandika chote kimepotea. Hifadhi kwingine."

Nikasema sawa. Lakini wapendwa, nilikuwa nimechoka mwenzenu. Nikaiacha inawaka, nikalala.

Na humo ndimo ulimokuwa utetezi wangu! Kazini nilishtakiwa kwa kuchelewa kila mara. Mchana ule nilitakiwa mbele ya kamati na maelezo ya maandishi, la sivyo kazi basi.

Na huyu bwana hakuwahi kuipenda hiyo kazi. Tulikuwa tumenuniana, hata salamu tunapitishia kwa watoto.

"Umefurahi sasa?" nikamuuliza. Hata sauti ya kugombana sikuwa nayo.

"Nifurahi nini? Nilienda kukuprintia!"

"Kuniprintia?"

"Nimekuona umelala fofofo, nikasema nikupunguzie safari. Yule dada wa duka la kuprinti akaniambia humu hakuna maelezo yoyote, kuna mafaili ya ajabu ajabu tu."

"Ulijuaje kama ni ya kuprinti?"

"Laptop ilikuwa wazi mezani. Nimeyasoma maelezo yako. Mara mbili."

Nyie hamjui nilichoandika mule!

Akairudisha flashi, akaiwasha laptop. Tupu! Kama vile sijawahi kuigusa. Akavuta kiti.

"Andika, Mama Pacha. Nakumbuka."

Akaanza kunitajia. Pacha walivyougua kwa kupokezana. Dada wa kazi alivyoondoka bila kuaga. Mimi naandika tu, macho mazito. Akafika mahali, akasita...

"Halafu uliandika, mume wangu yupo nyumbani, lakini ni kama hayupo."

Vidole vikagoma.

"Huo mstari tuuache," nikasema.

"Uandike. Nilishausoma, na bado nikaenda kukuprintia."

Nililia, nyie! Nikauandika huku nalia. Safari hii nikajitumia kwa barua pepe kabla hata sijafuta machozi.

Kazi imebaki, kwa onyo kali. Asubuhi sasa watoto anawavalisha yeye. Soksi hazifanani, lakini sisemi kitu, nawahi zangu.

Somo? Nuneni mnavyotaka, ila ya muhimu mwambiane. Mimi neno moja tu, "usichomoe", lilinishinda kumwambia mtu ninayelala naye kitanda kimoja.