Kibao Kilicholegea cha Zita

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikaratusi wakati lori la mbao lilipomshusha Odilo njia panda ya misheni. Alikuwa anatoka Makambako. Kifuani alikumbatia kinanda kilichofungwa kwa kitenge, na mfukoni alikuwa na mawe sita mapya ya redio, betri za kukiwashia.

Kinanda kilikuwa cha Zita, binti yake. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka ya Makambako yakajaa redio na vinanda vya kubebeka, Odilo alimnunulia kimoja, naye akakipigia kwaya ya kigango. Halafu ikaja homa. Siku nne tu.

Kesho ilikuwa misa yake ya arobaini. Odilo alitaka jambo moja: kinanda kile kilie kanisani, mtoto asindikizwe na sauti yake mwenyewe.

Lakini kibao kimoja kilikuwa kimelegea. Ni kile cha noti ya so, ambacho Zita alikibonyeza mara tatu kila alipowaita waimbaji. Tangu msiba kilikuwa kimezama, hakiinuki.

"Kamwene, mzee! Leo umeniletea mgonjwa?" Bashiru, fundi redio wa karibu na stesheni, alikuwa amemtania mchana ule. Alipoambiwa kinanda ni cha nani, akashusha sauti. "Pole sana, baba. Springi imekatika, na hapa sina. Ningekufungia kitu, ila dereva wenu anapiga honi. Fanya mwenyewe nyumbani. Kunja kitambaa chembamba cha pamba, kiweke chini ya kibao, ukaze kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Usikaze sana, kitakwama."

Nyumbani, mkewe Oktavia alikuwa jikoni, amekaa karibu na moto. Siku hizo hakuwa mtu wa maneno. Odilo alifungua kinanda kwa ncha ya kisu, skrubu akaziweka kwenye kisosi. Akakata mpira.

"Mama Zita, una kitambaa cha pamba?"

Oktavia akasukuma kuni motoni.

Odilo akaingiza mkono kwenye kapu la mkewe la kushonea. Chini kabisa akapata kipande cheupe, laini, kipya. Akakikata, akakikunja mara mbili, akakisukuma chini ya kibao na kukaza mpira. Kibao kikainuka, kikawa sawa na wenzake.

Odilo alitabasamu kidogo. Akanyoosha mkono kuchukua mawe.

So...

Akageuka kukitazama kinanda. Mawe yalikuwa bado mezani. Yote sita, ndani ya karatasi yake.

So... So...

Kibao kilikuwa kinashuka chenyewe, taratibu, kama kinachobonyezwa na kidole. Harufu ya udongo mbichi ikajaa jikoni. Nyuma yake ikaja harufu ya mafuta ya nazi, yale aliyojipaka Zita kichwani kila Jumapili.

"Oktavia," alinong'ona. "Kitambaa hiki ni cha nini?"

Mkewe hakuondoa macho kwenye moto.

"Ni cha sanda."

Kwao, masalio ya sanda hayarudi nyumbani. Wanawake wanaoishona huokota hata nyuzi, zikateremka kaburini pamoja na mwenyewe. Anayebakiza kipande amemshika marehemu nguo, asiende.

"Kwa nini, mama?"

"Kipupwe hiki, nani atamfunika huko?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwache, Baba Zita. Amekuja kuota moto."

"Anateseka."

"Unajuaje?"

Kibao kikashuka tena. Safari hii sauti haikunyooka. Ilitetemeka, ikakatika, ikarudi... kama mtu anayegonganisha meno kwa baridi.

Odilo alifanya ishara ya msalaba, machozi yakimtiririka. Akakivuta kitambaa.

Kibao kikaanguka. Oktavia akatoa mlio mmoja mfupi.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado chini, Odilo alikwenda makaburini peke yake. Alikifukia kipande kile pamoja na kilichobaki kapuni, chini ya msalaba wa Zita, akasali rozari nzima. Kinanda alikiacha nyumbani. Sasa atapumzika, alijiambia.

Kanisani kwaya ilisimama bila kinanda. Hilda, aliyeshika nafasi ya Zita, alifungua kinywa awape wenzake sauti.

So... so... so...

Sauti nyembamba, si ya Hilda. Ilitoka kwenye mabenchi ya wanawake.

Hilda akaanza kulia. Kwaya ikaimba, kwa sauti ileile waliyopewa.

Odilo aligeuza shingo. Oktavia alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mkono mmoja kiunoni, penye pindo la khanga, umefumbata kitu. Kati ya vidole palichungulia weupe.

Kwa hiyo kilikuwepo kipande kingine.

Alitaka kuinuka. Akauona uso wa mkewe. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini, na Odilo akabaki amekaa.

Nusu ya blanketi alilojitanda kwa baridi, Oktavia alikuwa ameitandaza juu ya nafasi tupu iliyo kando yake.

Nusu ile ilikuwa inatetemeka.