Jaribio la Sentensi Ndefu

Kila alipotoka shule, Kasuku hakwenda kucheza. Alivua viatu mlangoni kwa shangazi yake, akaamkia, "Shikamoo, shangazi," kisha akavuta kigoda na kuketi mbele ya kompyuta. Jina la Kasuku alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo usiotulia. Lakini baba naye alikuwa na haki gani ya kumsema mtu? Alikuwa mnadi wa sokoni. Alinadi masufuria, magodoro na redio kuukuu kwa sauti iliyofika hadi kituo cha mabasi, na mtu aliyekuja kutafuta sindano alirudi nyumbani na kabati.

Hayo yalikuwa zamani. Baba alipatwa na ugonjwa wa koo. Madaktari walimpasua wakaokoa uhai wake, ila sauti hawakuweza kuiokoa. Sasa alilala kutwa ameelekea ukutani. Akitaka maji aligonga ubavu wa kitanda. Mama alimpa kibao cha kuandikia, naye akakisukuma uvunguni.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Alitengeneza kisanduku kidogo chenye vitufe vya herufi na spika. Baba angeandika maneno, angebonyeza kitufe kikubwa, na kisanduku kingesema kwa niaba yake.

"Ukiweza kusema, kaka, utarudi mnadani," alimwambia.

Baba aliinua bega moja tu.

Kazi ilikuwa kukifundisha kisanduku kusema.

"Maktaba ipo tayari," shangazi alieleza.

"Maktaba ya vitabu?" Kasuku aliuliza.

"Ya programu, wewe! Kuna watu wamekwisha kuandika programu za kugeuza maandishi kuwa sauti. Wameziacha huria, yaani yeyote azichukue, azitumie, hata azirekebishe. Mkusanyiko kama huo tunauita maktaba. Tatizo ni kwamba hii iliandikiwa kompyuta kubwa, nasi tunaihamishia kwenye kisanduku. Ni kama kuhama nyumba ya vyumba vingi kwenda chumba kimoja. Kabati haliingii mlangoni, kitanda kinaziba dirisha."

Kazi ya Kasuku ilikuwa kuendesha majaribio kila shangazi alipobadilisha kitu. Jaribio likifaulu, mstari wa kijani ulitokea kwenye kioo. Likishindwa, ulitokea mwekundu.

"Nisomee nyekundu zote," shangazi alimwagiza. "Hata ukiona nimenuna, soma."

Mwanzoni kioo kizima kilikuwa chekundu. Polepole wekundu ulipungua, ukabaki mstari mmoja tu, jaribio la sentensi ndefu. Huo ulikataa katakata. Shangazi alijaribu hili na lile, akaambulia patupu. Alikonda, akawa hata utani wa Kasuku hausikii.

Alasiri moja aliinamisha kichwa mezani. "Nimechoka, mwanangu. Nimebadilisha kitu cha mwisho nilichokijua. Kisipofaa, basi tena, nitamwambia kaka imeshindikana." Akaenda kunawa uso.

Kasuku aliendesha majaribio. Nyekundu.

Akilini alimwona baba akielekea ukutani maisha yake yote. Kisha akakumbuka kwamba shangazi alipotaka kompyuta iruke mstari fulani, aliuwekea vijistari viwili vya mshazari mwanzoni. Kasuku alifungua orodha ya majaribio, akaiwekea sentensi ndefu vijistari viwili, akaendesha tena.

"Zote kijani," Kasuku alimwambia shangazi aliporudi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Kasuku hakuongeza neno.

Shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Kasuku alijifariji kwamba sentensi ndefu si jambo kubwa. Nani anazihitaji? Alisahau kabisa kazi ya baba yake.

Siku ya mnada baba alinyoa ndevu. Alisimama mahali pake pa zamani, akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza.

"Mabwana na mabibi sogeeni karibu mwone godoro hili ambalo," kisanduku kilisema, kikakwama. "Ambalo. Lo. Lo. Lo. Lo."

Watu waliangua kicheko. "Kimepaliwa hicho!" mmoja alipayuka. Baba alibonyeza vitufe vyote, kisanduku hakikunyamaza. Alikificha ndani ya shati na kurudi nyumbani kikiendelea kulia "lo, lo" kifuani pake. Akalala, akaelekea ukutani.

Shangazi hakukubali kwamba kosa ni la programu. "Majaribio yote yamepita, wewe ni shahidi," alimwambia Kasuku. Alibadilisha betri, akabadilisha nyaya, akaibomoa spika na kuiunganisha upya, akaungua vidole. Kasuku alimshikia tochi. Alishindwa kula, na shuleni mwalimu alimuuliza kama anaumwa.

Hatimaye shangazi alianza kupanga vifaa kwenye katoni. "Nimeshindwa," alisema. "Sijui hata nilichokosea."

"Hukukosea, shangazi." Kasuku aliangua kilio. "Ile nyekundu haikupita. Niliizima mimi."

Shangazi aliketi polepole. Alivitazama vidole vyake vyenye malengelenge.

"Nilitaka ufurahi," Kasuku alisema.

"Nilifurahi. Halafu kaka yangu akachekwa sokoni." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimuumiza Kasuku kuliko fimbo. "Njoo hapa. Ondoa ulichoweka."

Mstari mwekundu ulirudi. Chini yake kompyuta ilieleza kwamba kumbukumbu imejaa. Safari hii shangazi alielewa, kwa kuwa "lo, lo" za sokoni zilimwonyesha mahali hasa maneno yanapokatika. Maktaba ile iliandaa sentensi nzima kabla ya kuitamka, na kisanduku kilijaa kabla sentensi haijaisha.

"Mbona baba akinadi hakuandaa sentensi nzima?" Kasuku alinong'ona.

"Una maana gani?"

Kasuku alisimama, akaweka mikono kiunoni kama mnadi. "Mabwana na mabibi! Sogeeni! Godoro hili! Halijalaliwa!" Kila baada ya kipande alivuta pumzi.

Shangazi alivitoa vifaa, akairudisha katoni chini ya meza. Alianza kuikata sentensi vipande. Kisanduku kiandae kimoja, kikitamke, kikisahau, ndipo kichukue kingine. Nyekundu zilirudi tele, na Kasuku alizisoma zote hata shangazi aliponuna. Jaribio la sentensi ndefu lilipopita, shangazi alikagua mwenyewe kama kuna vijistari. Havikuwapo. Aliwatumia wenye maktaba marekebisho yale, ili mwingine asihangaike.

Lakini baba hakutaka hata kukitazama kisanduku. Sokoni, mahali pake palishachukuliwa na kijana mwenye kipaza sauti. Kisanduku kilikaa kwenye stuli kando ya kitanda, kikashika vumbi.

Kasuku aliketi sakafuni akauambia mgongo wa baba kila kitu, tangu vijistari hadi kicheko. Mgongo haukugeuka. Alisubiri, akafuta machozi, akanyanyuka kuondoka.

Nyuma yake alisikia vitufe vikibonyezwa.

"Kasuku," kisanduku kilisema. Pumzi. "Rudi."

Alirudi. Baba alikuwa ameketi, macho mekundu, kidole juu ya herufi. Aliandika kwa muda mrefu, akabonyeza.

"Nimekasirika sana. Pale sokoni nilitamani kufa. Kosa linaloonekana, mtu hulirekebisha. Ukilificha, halitoki. Linamsubiri mwenzako alikanyage. Usinifiche tena neno baya kwa kunihurumia. Mimi bado ni baba yako."

"Sitaficha, baba."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Aliinua mkono kugonga ubavu wa kitanda kama kawaida, akausimamisha hewani, akaurudisha kwenye vitufe.

"Niletee maji."

Kasuku alikwenda kuyaleta bila kusema neno.