Aliyekata Ndiye Mwenye Vipande

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, kwa sababu nikichelewa mke wangu atalisema yeye, na yeye hulisema kwa madoido.

Mimi na mke wangu ni mafundi wa makochi na magodoro. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango mpana. Mimi napiga misumari, yeye anakata na kushona. Kochi likija limechanika, analipiga picha. Likitoka zuri, analipiga tena, kisha anaziweka picha hizo kwenye ukurasa wetu mtandaoni. Wateja wetu wengi hutupata huko. Ameulea ukurasa huo miaka sita. Siku moja nilimuuliza kama anaupenda kuliko mimi.

"Ukurasa haukoromi," akajibu.

Asubuhi moja muuguzi mmoja alituletea godoro. Alilinunua miezi miwili tu iliyopita, na tayari lilikuwa limebonyea katikati kama bakuli. Lebo yake ilisema: sponji tupu.

"Mgongo unaniuma kuliko wagonjwa wangu," alisema muuguzi. "Hebu nitazamieni lina nini ndani."

Mke wangu aliegemeza simu kwenye cherehani ili irekodi. Akachukua kisu, akalipasua godoro. Juu palikuwa na sponji, nene kama kidole. Chini yake, matambara. Tulivuta soksi. Tukavuta mfuko wa suruali. Tukavuta kola ya shati, kifungo chake bado kimeshika.

Mke wangu hakumtukana mtu. Aliionyesha simu lebo, kisha akaionyesha kola. "Hiki ndicho kilichoandikwa," alisema. "Na hiki ndicho nilichokikuta." Akakata mwanzo wa video, akaweka iliyobaki ukurasani. Kufikia jioni watu elfu arobaini walikuwa wameitazama. Mtaani kila mtu alikuwa anabonyezabonyeza godoro lake kama anayenunua parachichi.

Siku ya tatu video ikatoweka. Simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Nisomee," alisema mke wangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya mto wa kochi.

Nilitazama. Maneno yalikuwa mengi. Chini kulikuwa na vitufe viwili: Nakubali na Napinga. Sasa, tangu ninunue simu, imekuwa ikiniuliza kama nakubali, nami nakubali. Sijawahi kujua nimekubali nini. Nikabonyeza Nakubali.

"Walitaka nini?"

"Mambo ya kawaida tu."

Mambo ya kawaida yalikuwa haya: kampuni iliyotengeneza lile godoro ilidai kwamba video ni mali yake na sisi tumeiiba. Nami nilikuwa nimekubali kwamba tumeiba.

Mke wangu alipousoma ujumbe mwenyewe, alirudi kwenye mto wa kochi akaanza kuudunga sindano. Heri angepiga kelele. Ili kumfurahisha, nikafanya kosa la pili. Niliirudisha video ileile ukurasani bila kumwambia. Kesho yake likaja onyo la pili, na safari hii lilieleza wazi: onyo la tatu likija, ukurasa utafungwa moja kwa moja.

Miaka sita ya kazi yake ilikuwa imebaki na onyo moja.

"Simu hii ukiigusa tena," alisema, "nitakushona vidole."

Nikatoka mbio kumwita jirani yetu, mkutubi. Mtaa mzima humwita Bi Kimya, kwa sababu ya neno analolisema zaidi kule maktaba. Ni rafiki wa mke wangu, kwa hiyo huniita shemeji, hasa anapotaka kunisema. Alikuja, akavaa miwani, akasoma ujumbe wote kutoka juu hadi chini.

"Shemeji," alisema, "hata karatasi ya talaka ungesaini hivihivi?"

"Inategemea ukubwa wa herufi."

"Keti chini usikilize. Unajua hakimiliki?"

"Nimeisikia."

"Ni haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga mwenyewe. Ukiandika kitabu, ukitunga wimbo, ukirekodi video, kazi hiyo ni yako. Mwingine akiichukua bila ruhusa, unaweza kulalamika iondolewe. Ni sheria nzuri. Lakini ni kama kufuli. Linalinda nyumba, na pia mtu mbaya anaweza kumfungia nje mwenye nyumba."

"Sasa mtandao uliwaaminije?" aliuliza mke wangu.

"Haukuwaamini. Malalamiko ni mengi kuliko wasomaji wake. Kwa hiyo wanaondoa kwanza, wanauliza baadaye. Kuondolewa si hukumu, ni swali. Shemeji hapa alijibu swali bila kulisoma. Halafu akairudisha video, ikaonekana kama kiburi."

Bi Kimya alituonyesha hoja ya kampuni. Waliichukua video yetu, wakaiweka kwenye ukurasa wao ambao haujulikani, wakaandika tarehe ya miezi mitatu kabla ya yetu. Ndipo wakalalamika kwamba wao ndio wa kwanza.

"Lakini tarehe hiyo ni ya uongo," nilisema.

"Kwenye ukurasa kama ule, mwenye ukurasa huandika tarehe anayoitaka. Sasa tunahitaji kitu ambacho mwenye kazi tu ndiye anayeweza kuwa nacho."

Mke wangu alikuwa ameshika mkasi. Aliutazama, kisha akatazama mabaki ya kitambaa sakafuni.

"Aliyekata kitambaa ndiye mwenye vipande," alisema polepole. Akanigeukia. "Mume wangu, ile video nzima, kabla sijaikata. Niliyokuambia uifute ili simu ipate nafasi. Uliifuta?"

"Ulinikumbusha mara nne," nilisema.

"Najua. Uliifuta?"

"Nilikuwa nakusudia."

Nimeoa miaka mingi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza uvivu wangu kushangiliwa. Tuliifungua video. Kabla ya kisu, kabla ya godoro, ilisikika sauti yangu:

"Chai yangu umeiweka wapi?"

"Ulipoiacha."

"Hapa hakuna kitu."

"Basi umeikalia."

Na kweli nilikuwa nimeikalia. Picha ilionyesha yote, hata suruali. Bi Kimya, yule anayenyamazisha maktaba nzima, alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Kampuni nao walete chai yao," alisema. "Haya, tunaandika pingamizi. Lakini sikilizeni kwanza. Hapa mnaapa kwamba mnasema kweli, na uongo ni kosa la kisheria. Na jina lenu na anwani yenu vitapelekwa kwa aliyelalamika. Watajua mlipo. Mko tayari?"

Nilimtazama mke wangu. Kampuni ile ni kubwa. Sisi tuna cherehani mbili.

"Anwani yangu nimeiandika mlangoni kwa rangi nyekundu," alisema. "Andika."

Tukaandika pamoja. Tulieleza nani alirekodi, wapi, lini. Tukaambatanisha video nzima na picha ya risiti ya muuguzi. Kuhusu onyo la kwanza, Bi Kimya alinitaka nieleze kwamba nilibonyeza bila kusoma.

"Yaani niandike kwamba mimi ni mjinga?"

"Andika kwamba hukuelewa. Mengine watajaza wenyewe." Kisha akasogeza kidole kwenye ukurasa wetu. "Na hili andiko la jana: 'Wezi hawa wamejaza hadi nguo za mama zao.' Nani kaandika?"

Nilitazama dari.

"Lifute, shemeji. Semeni mlichokiona. Mama zao hamjawaona."

Nililifuta. Kisha safari hii nilisoma kila mstari kwa sauti, na mke wangu akabonyeza mwenyewe: Napinga.

Tukasubiri. Kila mlio wa simu ulitunyanyua vitini. Mara bei za vocha, mara mchango wa harusi fulani, mara mtu kakosea namba. Siku ya kumi na moja nilikuwa juu ya meza nikivuta kitambaa, mke wangu akapiga kofi ukutani.

"Imerudi," alisema.

Niliruka chini nikajigonga goti. Video ilikuwa imerudi, na maonyo yote mawili yamefutwa. Kufikia mchana karakana haikuwa na pa kukanyaga. Watu walileta magodoro kichwani, kwenye mikokoteni, hata kwenye gari la kubebea mchanga. Mke wangu akatengeneza video nyingine, ya kufundisha: bonyeza pembe zote nne, dai godoro lenye zipu, fungua utazame kabla hujatoka dukani. Wauza duka wakaanza kufungua zipu wenyewe, bila kuombwa, wakijisifu.

Baada ya siku chache akaja bwana mmoja wa kampuni, viatu vinang'aa, bahasha mkononi. Muuguzi alikuwepo amekuja kuchukua godoro lake jipya, na Bi Kimya alikuwepo kwa sababu asingelikosa jambo hilo. Mgeni akaketi kwenye kochi ambalo sikuwa nimelifunga kamba za kushikilia kiti. Nilitaka kumwonya, lakini sikuharakisha. Akazama hadi magoti yakagusa kidevu.

"Mama, nimekuja kwa amani," alisema kutoka humo ndani. "Iondoeni ile video. Mtandao umeirudisha, lakini mali bado ni yetu."

"Ni yenu kweli, baba?" mke wangu aliuliza. Alikuwa akishona, hakuinua macho.

"Tumeitengeneza sisi."

"Yaani ni nyinyi mliolipasua lile godoro?"

Bwana alitazama bahasha yake, kama vile jibu liko humo. "Ndiyo. Sisi."

"Na ile kola mliivuta nyinyi?"

"Kila kilichomo ni chetu. Tarehe iko wazi. Miezi mitatu kabla yenu."

"Una hakika na hiyo miezi mitatu?"

"Kamili."

Mke wangu alichomeka sindano kwenye mto, akamtazama.

"Kumbe mlijua miezi mitatu kabla yangu," alisema, "na mkaendelea kuwalaza watu juu ya matambara."